Jicho Lililopimwa kwa Niaba: Maisha ya Silasi Kulwa Lugembe, 1931–1979

Ndugu waombolezaji, maneno yatakayosomwa hapa yametoka kinywani mwa mjane, Mama Leonia. Binti yake mkubwa, Flavia, aliyaandika tu na kuyapiga chapa. Flavia alimwomba mama yake ayapunguze makali kidogo, kwa kuwa msiba ni msiba na wageni ni wengi. Mama yake akamjibu kwamba marehemu alipunguziwa mengi alipokuwa hai, na halikumsaidia hata moja. Kwa hiyo yanasomwa kama yalivyo.

Marehemu Silasi Kulwa Lugembe alizaliwa tarehe 3 Aprili 1931 huko Choma, siku hizo ikiwa chini ya Nzega. Baba yake alikuwa Mzee Lugembe Masolwa, mfugaji, na mama yake Bi. Kashindye. Kabla hata hajafutwa vizuri, pacha wake naye akatoka, na kama ilivyo kwa pacha wote wa kwetu, wa kwanza akawa Kulwa na wa pili Doto. Ubatizo ulimpa Kulwa jina la Silasi na Doto jina la Elieza, lakini nyumbani hakuna aliyehangaika na majina hayo. Walifanana mpaka baba yao aliwaita wote wawili kwa jina moja, na yeyote aliyekuwa karibu ndiye aliyeitika.

Bi. Kashindye alikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa nyumbani mwake: anachopewa Kulwa, apewe na Doto. Uji, shuka, hata kiboko. Kulwa akiumwa tumbo, mizizi ilichemshwa ya vikombe viwili, na Doto, mzima kabisa, alimeza chake huku amekunja uso. Mama yule aliamini kwamba pacha mmoja akitibiwa peke yake, ugonjwa humhamia yule aliyerukwa. Hakuna wa kumlaumu. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na miaka ile kulea pacha wote wawili mpaka wakaota ndevu halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1940 Mzee Lugembe alikubali kutoa mtoto mmoja aende shule. Mwingine abaki na ng'ombe. Hakusema yupi. Basi mapacha wakagawana: leo Kulwa anakwenda shule na Doto anachunga, kesho wanabadilishana. Mwalimu alikuwa na jina moja tu kwenye daftari, na kila asubuhi jina hilo liliitikiwa. Walikwenda hivyo muhula mzima. Waligunduliwa siku ya mtihani, pale mtoto alipojibu vizuri sana yote yaliyofundishwa Jumatatu na Jumatano, na hakujua hata neno moja la Jumanne. Mwalimu aliwachapa wote sawasawa, kisha akaandika majina mawili. Kisa hiki marehemu alikisimulia mara nyingi na kukicheka mwenyewe mpaka machozi. Mama Leonia naye alikuwa akicheka, zamani.

Elieza Doto alitosheka na darasa la nne akarudi kwa ng'ombe. Silasi aliendelea, akapelekwa shule ya misheni ya bweni, nje kidogo ya Tabora, na akamaliza darasa la nane mwaka 1949.

Baada ya kukaa miaka michache kama karani wa ghala, mwaka 1954 alijifunza kazi ya uteuzi wa tumbaku, na hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane. Mteuzi ndiye anayeshika majani yaliyokaushwa, anayageuza kwenye mwanga, na kusema hili ni la rangi ya limau, hili la chungwa, hili limeungua pembeni, hili lina madoa. Mkulima amesota mwaka mzima, na neno la mteuzi ndilo linaloamua jasho lake limekuwa daraja gani. Marehemu alihamia Igalula mwaka 1960, na mwaka 1963, nchi yetu ikiwa changa, chama cha ushirika kilimwajiri rasmi. Aliliona doa dogo ambalo wengine walilitafuta kwa kidole bila kulipata, na hakumpendelea mtu. Baba mkwe wake aliwahi kuleta mzigo ambao juu ulikuwa mzuri na katikati umejaa majani ya kijani. Silasi aliufungua mbele za watu na kuushusha madaraja mawili. Mzee yule alikaa miezi miwili bila kukanyaga nyumbani kwa binti yake. Kwa hilo Mama Leonia alijivunia mumewe, ingawa yeye ndiye aliyekwenda kumwangukia baba yake magoti.

Ndoa yao ilifungwa Jumamosi tarehe 7 Septemba 1957. Leonia alikuwa binti wa wakulima wanaopakana na seminari ya Kipalapala, mjukuu wa mpagazi aliyebeba pembe kichwani katika misafara ya kwenda pwani, na marehemu alimwona kwa mara ya kwanza akiwa amebeba tenga la mchicha kulipeleka jikoni kwa mapadri. Walijaliwa watoto wanne. Alikuwa mume mzuri. Hakulewa, hakuinua mkono, na kama kuna chakula kidogo alijifanya ameshiba ili watoto wale. Elieza Doto alipofiwa na mkewe mwaka 1966 akaja kuishi nao Igalula akifuga nyuki, na marehemu alimkatia nusu ya kiwanja chake bila kuombwa. Kasoro yake ilikuwa moja. Kama kuna mahali hapapendi, na kuna mtu mwingine anayeweza kwenda badala yake, basi yeye haendi. Mtu angeweza kuishi na kasoro kama hiyo miaka mingi na isimdhuru.

Sasa tufike kwenye ugonjwa, na hapa Mama Leonia ameomba msikilize.

Mwezi Mei 1968 jicho la kulia la marehemu liliwaka. Halikuwa na usaha kama ugonjwa wa macho wa kawaida. Lilikuwa jekundu kuzunguka mboni, likauma ndani kwa ndani, na mwanga wa jua ukawa unamchoma kama mwiba. Akaenda hospitali mjini Tabora, Leonia akiwa naye. Siku hizo palikuwa na daktari mgeni wa macho, mtu mpole, na mkalimani wake. Daktari alisema jicho hili limevimba kwa ndani, sababu haijulikani, na ugonjwa wenyewe ni wa kurudirudi: litapona, kisha litawaka tena. Akampa dawa ya matone ya kuupoza ule uvimbe.

Kisha daktari yule akafanya jambo ambalo madaktari wengi hawana muda nalo. Alivuta kiti akaeleza. Alisema jicho la mtu hutengeneza maji yake kila siku, na maji hayo yana mlango wa kutokea. Uvimbe unaporudi mara kwa mara huacha masizi kwenye mlango ule, maji yanakosa pa kupita, na presha ya jicho inapanda. Na si hivyo tu. Hii dawa yenyewe inayopoza uvimbe, kwa baadhi ya watu, nayo hupandisha presha ile ile. Kwa hiyo mgonjwa wa aina hii yuko hatarini pande mbili, kwa ugonjwa na kwa dawa. Presha ikipanda polepole, haiumi. Jicho halina wekundu. Mtu anaona kazi iliyo mbele yake sawasawa, kumbe mshipa wa kuonea unakufa kutokea pembeni, na ukishakufa haufufuki. Akatoa masharti matatu: dawa iingie jicho la kulia tu; ipunguzwe kadiri atakavyoagizwa, asijiongezee; na kila baada ya miezi mitatu aje apimwe presha, awe anaumwa au haumwi.

Leonia aliyasikia yote. Aliyarudia njia nzima kwenye treni mpaka Igalula ili asiyasahau. Marehemu, alipoulizwa na jirani daktari amesema nini, alijibu kwamba daktari ametoa dawa.

Alikwenda kupimwa mwenyewe mara nne, na alikuchukia kupimwa kule kuliko alivyowahi kuchukia kitu. Mgonjwa hulazwa chali, anatiwa tone la ganzi, halafu kichuma kidogo kinasimamishwa juu ya jicho lililo wazi. Hakiumi, alikiri mwenyewe hakiumi. Lakini mtu aliyelala porini na fisi akiwa kijana alishindwa kulala kitandani dakika mbili akitazama chuma kinashuka. Alirudi nyumbani jasho limemtoka, akisema ana kazi nyingi, msimu umeanza, wakulima wanamsubiri. Msimu ulikuwa umeanza kila mara.

Mwishoni mwa 1970 daktari yule mgeni alirudi kwao. Kliniki ya macho ikashikwa na mganga msaidizi aliyeitwa Bwana Yahaya Shomari, mwenyeji wa mjini hapohapo, kijana makini mwenye mwandiko mzuri. Yahaya hakuwahi kumwona Silasi Lugembe. Na Elieza Doto alikuwa akienda mjini kila mara kuuza asali.

Jamani, mnaona tunakokwenda.

Mwezi Februari 1971 mapacha hawa wawili, watu wazima wa miaka thelathini na tisa, walipanda treni pamoja asubuhi. Leonia aliwasindikiza mpaka stesheni na kadi ya hospitali aliitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati la mumewe. Walipofika mjini, marehemu akamkabidhi Doto kadi ile na yeye akaenda kukaa kwenye baraza la kahawa. Jina likaitwa, Doto akaitika. Akalazwa chali, akatiwa ganzi, akapimwa. Jicho jeupe, presha nzuri. Bwana Yahaya akaandika kwamba mgonjwa amepata nafuu kubwa na akampa chupa mpya, akiba, kwa ajili ya siku jicho litakapowaka. Marehemu alirudi nyumbani jioni akacheka na watoto, akamwonyesha mkewe kadi: soma, presha nzuri. Leonia akasoma. Akamshukuru Mungu.

Walifanya hivyo mara saba. Si mara moja kwa dharura, wala mbili. Mara saba kwa miaka mitatu. Na kati ya safari moja na nyingine jicho la marehemu liliwaka mara kadhaa, naye akajitibu mwenyewe kwa zile chupa za akiba, akitia matone anavyoona inafaa, wiki hata mwezi, kwa kuwa yalimpoza upesi na jicho likawa jeupe tena.

Leonia alianza kuona mambo mwaka 1973. Kwanza ilikuwa salamu. Vijana walimwamkia marehemu shikamoo kutoka upande, naye anapita kimya. Watu wakaanza kusema Mzee Silasi amevimba kichwa, cheo cha uteuzi kimempanda. Leonia alimgombeza kwa hilo, na marehemu aliapa hakusikia mtu wala kuona mtu. Kisha akawa anagonga bega kwenye mwimo wa mlango. Akakanyaga kifaranga. Akaipiga kumbo sahani ya mboga ikaanguka, akauliza nani ameiweka hapo, na ilikuwa pale ilipo siku zote. Lakini ukimpa jani la tumbaku mkononi, lo, doa lilikuwa haliponi. Kwa hiyo kila alipoambiwa macho yake yana kasoro, alinyanyua jani, akataja daraja, na kuuliza kipofu gani anaweza kufanya hivi. Na kadi je? Kadi ilisema presha nzuri. Leonia angebishana na mumewe, angebishanaje na kadi?

Kilichomuumbua ni kuhama. Mwezi Mei 1974 wote tulihamia kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zikapangwa kwenye mstari. Kule kwa zamani miguu ya marehemu ilijua kila kisiki. Huku alijigonga kwenye nguzo, akajikwaa kwenye matofali, na siku ya tatu aliingia nyumba ya balozi wa nyumba kumi, akavua viatu na kuuliza chakula kiko wapi. Kijiji kizima kilicheka. Leonia hakucheka. Alimkalisha mumewe uani, akamwambia atazame mbele, kisha akasimama upande wake wa kulia na kuuinua mwiko kama anataka kumpiga nao usoni. Marehemu hakupepesa. Akaupunga tena karibu na shavu. Hakupepesa. Akamfunika jicho la kushoto kwa kiganja na kumuuliza anaona nini. Marehemu akamwambia aondoe mkono kwanza ndipo aone.

Jumatano tarehe 12 Juni 1974 Leonia alimpeleka mjini mwenyewe. Elieza Doto alijitolea kufuatana nao na akaambiwa haina haja, lakini alikuja, akakaa behewa lingine. Walipofika kliniki Bwana Yahaya aliwapokea vizuri, akamwamkia marehemu, akatazama kadi, akamtazama usoni. Akaisogeza kadi pembeni.

"Mama, hii kadi ni ya Silasi Lugembe," alisema. "Silasi namfahamu, nimempima mara saba. Macho yake mazuri kuliko yangu. Huyu ni nani?"

"Ni mimi," alisema marehemu.

"Mzee wangu, samahani. Mnafanana, lakini mboni ya Silasi ni ya duara. Yako imeng'ang'ania upande mmoja. Hilo ni kovu la miaka."

Leonia aliuliza taratibu, "Sasa huyo uliyempima mara saba ni nani?"

Mlangoni alikuwa amesimama Elieza Doto, kofia mkononi, na Bwana Yahaya alipomwona aliketi chini.

Doto aliulizwa na akasema ukweli wote. Ndugu yake alikuwa na hofu ya kile chuma, na yeye hakuwa na hofu nacho. Waliona hakuna tofauti. Tumbo lilikuwa moja, titi moja, dawa moja tangu utotoni. Presha nayo wangeigawanaje? Alisema hayo bila ujanja wowote, na ndiyo maana Leonia alishindwa hata kumtukana. Marehemu alidakia kwamba asilaumiwe Doto, aliyemtuma ni yeye. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kwenda mwenyewe mahali alipotakiwa.

Bwana Yahaya akampima. Jicho la kulia lilikuwa gumu kama kokwa, na mshipa wake umekufa. Hilo lilikuwa la kutarajia. Alipopima la kushoto akarudia, akarudia tena, kisha akamuuliza Leonia kama jicho hili nalo liliwahi kuvimba. Leonia akasema hata siku moja. Basi mbona presha imepanda, na kingo zote za kuonea zimekwisha, kimebaki kitundu katikati?

Marehemu alijibu kwa sauti ndogo. "Nililitia dawa na hilo."

"Kwa nini, mzee? Lilikuwa zima."

"Lisije likaachwa peke yake."

Ndugu waombolezaji, Mama Leonia alitoka nje. Alikaa kwenye ngazi ya ile kliniki akiwa na hasira ambayo hakujua ampelekee nani. Mumewe, mtu aliyeushusha mzigo wa mkwe wake bila kupepesa, mwenye darasa la nane, alikuwa amelitibu jicho zima kwa sababu mama yake, huko Choma, alichemsha vikombe viwili. Ugonjwa ulichukua jicho la kulia. Jicho la kushoto, ugonjwa haukuligusa kabisa. Hilo lilichukuliwa na dawa na ukaidi. Alilia mpaka akamaliza. Kisha akarudi ndani na kuuliza swali moja tu: hicho kitundu kilichobaki, kinaweza kubaki? Bwana Yahaya akasema kinaweza, kama ile dawa ya kwanza itaachwa leo hii, kama atatumia ya kushusha presha bila kukosa, na kama atakuja kupimwa. Akakazia: yeye, kwa miguu yake.

Kuanzia siku ile maisha ya Mama Leonia yalikuwa na kazi moja, kukilinda kitundu kile. Kadi ilifungwa kwenye pindo la kanga yake na hapakuwa na mkono mwingine ulioigusa. Alitia matone mara nne kwa siku kwa muda wa miaka mitano, palizi iwepo isiwepo, mkutano wa kijiji uwepo usiwepo. Mwaka 1975 alimpeleka hospitali ya mbali, marehemu akapasuliwa jicho la kushoto ili maji yapate njia. Kila miezi mitatu alimpandisha treni, na alipolazwa chali alimshika mkono, naye marehemu aliubana mpaka vidole vikafa ganzi. Walikwenda mara ishirini. Elieza Doto aliacha kuuza asali siku za kliniki. Alitembea upande wa kulia wa ndugu yake, hatua kwa hatua, akimwambia kuna jiwe, kuna mtu anakuamkia. Mama Leonia hakumsemesha kwa mwaka mzima, kisha akaanza kumwekea chakula tena.

Marehemu aliacha kazi ya chama mwaka 1975, lakini wakulima waliendelea kumletea majani nyumbani. Alilishika jani mbele kabisa ya pua, akalisogeza polepole kwenye kile kitundu chake kama anayesoma barua mstari kwa mstari, na daraja alilotaja lilikuwa sahihi. Alijua wakati huo alichopoteza. Aliwahi kumwambia Bwana Yahaya kwamba kwenye mizigo ya watu alifungua katikati kila siku, na macho yake mwenyewe akayatazama juu juu.

Ukaidi haukumtoka wote. Tarehe 2 Agosti mwaka huu mkewe alimwambia amsubiri, anakwenda kisimani anarudi sasa hivi. Hakusubiri. Alitaka kuliona bani jipya, lile banda la kukaushia tumbaku ambalo vijana walikuwa wanalijenga, na Doto hakuwepo. Upande wake wa kulia palikuwa na shimo la tanuru. Alivunjika paja. Kulala chali siku nyingi kukamletea homa ya mapafu, na dawa zilizopatikana hazikuiweza.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 14 Agosti 1979 alikuwa na fahamu zake. Wanawe walikuwepo, wamejipanga kandokando ya kitanda, mahali ambapo hakuweza kumwona hata mmoja. Akawaomba wapite mbele yake mmoja mmoja. Doto akapita. Mwishoni akasema, "Mama Flavia, sogea. Kidogo tena. Hapo. Nakuona."

Mama Leonia alikuwa na la kumjibu. Alikuwa nalo tayari kwa miaka mitano na miezi miwili, tangu siku ile ya ngazi ya kliniki. Hakulisema. Alibaki palepale alipowekwa, bila kusogeza kichwa, mpaka marehemu alipokata roho saa mbili na robo.

Marehemu ameacha mjane, Leonia, watoto wanne, Flavia, Masolwa, Imakulata na Kashindye, wajukuu wawili, na pacha wake, Elieza Doto. Mjane anawashukuru majirani wa kijiji, na Bwana Yahaya aliyefunga kliniki leo ili awe hapa. Kwa yeyote kati yenu mwenye macho ya kuwaka na kupoa, mwenye chupa ya matone aliyoazimwa na jirani au aliyobakiza mwaka juzi, Mama Leonia hana hotuba. Anasema tu kwamba treni ya kwenda mjini inapita kesho.

Mungu ampumzishe Silasi Kulwa Lugembe mahali pema. Na siku jina lake litakapoitwa huko aliko, safari hii aitike mwenyewe.